Paka wangu anaharisha tangu Idd, na kila mtu ana dawa yake

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nakaa Ngamiani. Nina paka jike anaitwa Kipusa, ana miaka mitatu. Nilimchukua akiwa mdogo kwa mama mmoja muuza samaki, na amekulia ndani kwetu kama mtoto wa nyumba. Tulihama kutoka Muheza kabla tu ya mfungo, na tangu baada ya Idd tumbo lake haliko sawa. Anaharisha siku mbili tatu, anapata nafuu, halafu anaanza tena. Choo chenyewe si maji matupu, ni uji uji wenye ute, na mara nyingine mwishoni kuna doa la damu nyekundu. Harufu yake haisemeki. Anakwenda kwenye beseni lake la mchanga mara nyingi, anachuchumaa, anatoa kidogo tu. Mara moja moja hutapika, nakuta nywele na povu la njano. Amepungua. Nikimpapasa mgongoni nasikia mifupa, na manyoya yaliyokuwa yanateleza sasa yamesimama simama.

Kuhusu chakula: asubuhi nampa maziwa ya ng'ombe na mkate uliolowekwa, mchana ugali na dagaa, usiku wali na samaki wa mchuzi tuliobakiza. Ndivyo nilivyoona paka wakilishwa kwetu tangu nikiwa mdogo. Hivi karibuni kaka yangu aliyeko Dubai alituma mfuko mkubwa wa chakula cha paka, kile kikavu cha punje. Siku hiyo hiyo nikamwachisha vya nyumbani nikampa hicho peke yake. Kuharisha kukazidi, nikaacha.

Sasa ushauri ninaopewa ni mwingi. Jirani anasema nitwange kitunguu saumu nichanganye na maziwa, kinaua minyoo. Wifi yangu anasema shubiri. Duka la dawa wameniambia nimpe nusu kidonge cha albendazole ile ya watu. Bado sijampa chochote kati ya hivyo, nimeona nikuulize kwanza. Napenda sana tiba asili na sipendi kumjaza madawa kama kuna njia ya kumtibu kwa chakula na matunzo.

Jambo la mwisho: nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe wangu anasema manyoya ya paka yatamdhuru mtoto tumboni, na paka mwenyewe ndiyo huyo anaumwa, kwa hiyo apelekwe sokoni akaachwe kwenye samaki. Mume wangu yuko katikati, hajui amsikilize nani. Nisaidie.

Mama Kipusa, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mzigo uliobeba. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kumpa kitu, kwa sababu katika hizo dawa tatu ulizoelekezwa hakuna hata moja ninayotaka imfikie Kipusa. Nianze nazo, maana ndizo zenye haraka.

Kitunguu saumu ni sumu kwa paka. Kitunguu maji pia, na vyote vya ukoo huo, viwe vibichi, vimekaangwa au vimesagwa kuwa unga. Vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu, na chembe za paka huathirika upesi kuliko zetu. Ubaya wake ni kwamba madhara hayaonekani siku hiyo hiyo. Zinapita siku kadhaa, ndipo mnyama analegea, ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, na nyumbani hakuna anayekumbuka tena alikula nini. Hapo hapo uone tatizo la ule mchuzi wa usiku: kitunguu maji kilichokaangwa, saumu, tangawizi, bizari, chumvi na tui la nazi, vyote vinaingia kwenye tumbo ambalo tayari linaumwa.

Shubiri nayo ina utomvu wa njano unaokoroga utumbo mpana. Wazee wetu waliutumia kumfungua mtu choo. Ukimpa paka anayeharisha, unamwongezea kuharisha. Na hiyo albendazole, hata ikiwa nusu kidonge, imehusishwa kwa paka na kudhoofika kwa uboho, mahali mwili unapotengenezea damu. Zipo dawa za minyoo zilizo salama zaidi kwake, nitazitaja.

Unapenda tiba asili, na mimi sina ugomvi nayo. Ila fahamu kitu kimoja kuhusu ini la paka: linakosa sehemu kubwa ya uwezo ambao ini letu linao wa kuvunja kemikali na kuzitoa mwilini. Ndiyo maana kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua. Ndiyo maana mafuta ya mkaratusi tunayojipaka tukiwa na mafua ni hatari kwake, akiyalamba kwenye manyoya au akipakwa. Kwa hiyo mti au mzizi uliomsaidia bibi yako na watoto wake saba haujathibitika kwa Kipusa. Tiba ya asili ya paka, kwa maana yake kamili, ni nyama, maji, usafi na utulivu. Hiyo nitakupa yote.

Kabla ya chakula, tukiangalie choo. Umekieleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, na kina mengi ya kusema. Paka anayekwenda mara nyingi, anayejikamua, anayetoa kidogo chenye ute na damu nyekundu, kwa kawaida ana uvimbe kwenye utumbo mpana. Ugonjwa ukiwa utumbo mwembamba, choo huwa kingi, cha maji au cha mafuta mafuta, na mnyama hukonda haraka. Damu ikitoka juu huko hufika chini ikiwa nyeusi kama lami. Kipusa ana dalili za utumbo mpana, lakini kukonda kwake kunanifanya nisikate shauri kwa macho tu. Kinachoweza kuleta hali hii ni chakula kisichomfaa, minyoo, vijidudu vidogo kama Giardia au Tritrichomonas, na msukosuko wa kuhama. Katika nyumba yako naona dalili za vyote.

Kwa hiyo kipimo cha kinyesi hakiepukiki. Chukua kinyesi kibichi cha asubuhi, kama vijiko viwili vya chai, ukitie kwenye kichupa kisafi chenye kifuniko, usikiache juani, na kifike kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa hali yako ya ujauzito, kazi hii aifanye mume wako. Giardia haitoki kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kikisema hakuna kitu, daktari anaweza kutaka vya siku nyingine mbili. Kama humjui daktari wa karibu, anza na afisa mifugo wa kata yako. Tanga pia kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, na daktari wako atajua kama sampuli hii wanaipokea au ipelekwe kwingine.

Minyoo yenyewe kwa paka wa pwani ni jambo la kawaida mno. Ile mirefu myeupe ya mviringo paka huipata hata kwenye maziwa ya mama yake. Safura hunyonya damu ukutani mwa utumbo. Tegu huletwa na viroboto: paka anajilamba, anameza kiroboto mwenye kiluwiluwi cha tegu, na baada ya wiki chache utaona chini ya mkia vipande vilivyokauka kama punje za mchele. Mchunguze hapo, na kwenye kitambaa anacholalia. Dawa za kumuuliza daktari ni pairanteli kwa minyoo ya mviringo na safura, na prazikwanteli kwa tegu. Nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa ndani ya kidonge kimoja cha paka. Kipimo hutegemea uzito. Mume wako apande mizani akiwa amembeba Kipusa, kisha apande peke yake, mtoe tofauti. Akishapona, apewe kila baada ya miezi mitatu.

Na viroboto visipoondoka, tegu watarudi. Hapa nakuomba uangalifu mkubwa: dawa ya viroboto ya mbwa usimguse nayo paka. Nyingi zina pamethrini, na tone la mgongoni ambalo mbwa halijui humfanya paka atetemeke, apate degedege na afe. Soma pakiti, na kama haisemi paka waziwazi, rudisha. Kwa sasa chanuo la meno ya karibu karibu linatosha, unalichovya kwenye maji ya sabuni kila ukilipitisha.

Tuje kwenye sahani yake, ambako naamini ndiko nusu ya ugonjwa iliko.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mbwa anaweza kusogeza maisha kwa ugali na mabaki, lakini mwili wa paka umeumbwa kwa panya, ndege na mijusi. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga kama yetu, utumbo wake ni mfupi, na ulimi wake hata utamu wa sukari hausikii. Ukimpa bakuli la ugali lenye dagaa wachache juu, tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa. Wanga uliozidi unateremka utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na hapo unapata gesi, harufu na uji. Maziwa nayo: paka mchanga ana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, lakini akishaacha kunyonya hupungua hadi karibu kutoweka. Anayapenda kwa sababu ya mafuta yake, tumbo lake ndilo linaloyakataa. Acha maziwa na mkate leo, kabla ya yote. Wapo paka niliowaona wakipona kwa hilo tu.

Kuna kingine kisichoonekana kwa macho. Paka anahitaji taurini, kiini kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza cha kutosha. Mwaka 1975 watafiti Marekani walionyesha kwamba akikikosa, retina ya jicho huoza taratibu hadi upofu. Mwaka 1987 ikagundulika kwamba moyo nao hutanuka na kulegea, na paka waliokuwa wakifa walipewa taurini wakapona. Tangu hapo viwanda vya chakula cha paka vikaongeza taurini. Ugali hauna, mkate hauna. Chakula cha mbwa hakina cha kumtosha paka, kwa hiyo usikubali ukiambiwa kwamba ni kile kile kwa bei nafuu.

Kwa wiki hii ya kwanza fanya hivi. Nunua mapaja ya kuku, toa ngozi na mafuta, toa mifupa, kata nyama vipande vidogo. Weka maji ya kufunika nyama tu, chemsha kama dakika 20. Usitie chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu wala kiungo chochote. Supu usiimwage, kwa sababu taurini huyeyuka majini na iko humo. Mpe nyama pamoja na supu yake ikiwa vuguvugu. Paka wa kilo tatu hadi nne anatosheka na gramu 120 hadi 150 za nyama iliyopikwa kwa siku, nawe umgawie mara nne au tano, kidogo kidogo. Usimfungishe njaa ili tumbo lipumzike, kama wengine wanavyoshauri. Paka asiyekula siku mbili tatu mafuta huanza kujaa kwenye ini lake, na huo ni ugonjwa mwingine mzito juu ya ule wa kwanza.

Juu ya nyama hiyo unaweza kuongeza kijiko cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa, tupu, bila sukari wala nazi. Nyuzinyuzi zake hushika maji yaliyozidi na kulisha bakteria wema wa utumbo mpana, na kwa choo chenye ute kama cha Kipusa mara nyingi husaidia. Kijiko kimoja kwa siku, si bakuli. Mtindi usio na sukari baadhi ya paka huuvumilia kwa kiasi cha nusu kijiko, lakini kama daktari wako anazo probiotiki za paka za unga, hizo ni bora, kwa kuwa bakteria wake wamejaribiwa kwa paka wenyewe. Vidonge vya Flagyl vilivyobaki kwenye kabati usiviguse. Huua vijidudu vibaya na vyema kwa pamoja, na hata pale vinapohitajika, kipimo anatoa daktari.

Choo kikianza kushikana, usibaki kwenye kuku mtupu. Nyama bila mfupa haina kalsiamu, na paka anayelishwa nyama peke yake kwa miezi hunyang'anya kalsiamu mifupa yake mwenyewe. Kwa paka wachanga nimeona miguu ikivunjika kwa kuruka kutoka kitandani tu. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yasage hadi yawe unga laini kama poda, utie nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama uliyoipima kabla ya kuichemsha. Ingiza mioyo ya kuku na firigisi. Moyo una taurini nyingi na bei yake sokoni ni nzuri. Ini ni zuri ila kwa kiasi, kipande cha ncha ya kidole gumba mara moja au mbili kwa wiki. Paka hulipenda kupita kiasi na wapo watu huwalisha hilo tu kila siku kwa sababu bucha huliuza vipande rahisi. Vitamini A ikizidi miaka ikapita, pingili za shingo hushikana na mnyama hawezi tena kugeuza kichwa kujilamba.

Najua utaniuliza samaki, na Tanga bila samaki haiwezekani. Mpe, lakini achemshwe bila kitu, miba itolewe, na iwe mara mbili kwa wiki. Samaki wabichi wapo wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao kila siku huanza kukataa chakula, kisha anayumba, kidevu kikiinamia kifuani. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Samaki wenye mafuta mengi kama vibua na jodari wakiwa ndio chakula chake cha kila siku huleta shida nyingine ya mafuta ya chini ya ngozi kuvimba na kuuma. Dagaa wakavu waloweke, uwaoshe chumvi na mchanga hadi maji yawe safi, wawe kitoweo cha juu tu. Mifupa iliyopikwa usimpe hata kidogo, ya kuku ndiyo mibaya zaidi kwa kupasuka vipande vyenye ncha.

Sasa ule mfuko wa kaka yako. Chakula chenyewe huenda hakina kosa lolote. Utumbo wa paka una bakteria waliozoea kile anachokula, na ukibadilisha ghafla wanavurugika hata kama kipya ni bora. Angalia kwenye mfuko kama kimeandikwa kuwa ni chakula kamili cha paka mkubwa. Kama ndivyo, baada ya choo kukaa sawa kwa wiki nzima kirudishe polepole: robo kwa siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, mbadiliko wote uchukue siku saba hadi kumi. Choo kikilegea rudi hatua moja nyuma, usiache kabisa. Mfuko mkubwa kwa joto la Tanga huharibika mafuta yake upesi, kwa hiyo uache chakula ndani ya mfuko wake, uufunge, uutie kwenye ndoo yenye kifuniko mbali na jua. Ukinusa harufu ya mafuta yaliyochacha au ukaona ukungu, mwaga.

Mpango ninaoupendelea kwa nyumba ya kipato cha kawaida ni mchanganyiko: sehemu ya siku ale hicho chakula kamili, ambacho kina vitamini na madini ambayo jiko letu haliwezi kuyapima, na sehemu nyingine ale nyama au samaki wa kuchemsha wenye maji yake. Wali na ugali visiwe ndiyo mlo tena. Gharama si kubwa kama inavyosikika, gramu 150 ni paja moja la kuku na ziada kidogo.

Maji nayasisitiza kwa sababu paka ametokana na paka mwitu wa nchi za jangwa, na kiu yake ni ndogo hata mwili ukiwa umekauka. Panya ana maji takriban asilimia 70, na paka porini huyapata humo. Chakula cha punje kina asilimia 10 tu hivi. Kwa hiyo akianza kula punje, loweka kwa supu au maji ya vuguvugu. Weka maji safi kwenye bakuli pana zaidi ya moja, mbali na sahani ya chakula na mbali kabisa na beseni la mchanga. Baadhi ya paka huacha kikombe chembamba na kwenda kunywa kwenye ndoo.

Halafu kuna kuhama. Paka hushikamana na mahali kama anavyoshikamana na watu. Umemtoa Muheza kwenye kona anazozijua kwa harufu, ukamleta Ngamiani kwenye kelele za mtaa na madume ya jirani yanayochungulia dirishani, na utumbo wa paka husikia hofu kabla mtu hajaiona. Mpe sehemu moja ya juu ambayo hakuna anayemfuata, juu ya kabati au rafu, utandike nguo yako uliyoivaa bila kufua. Mlishe saa zile zile kila siku. Zuia dirisha analochunguliwa. Mpige brashi jioni; ukizitoa nywele kwa brashi hatazimeza, na ule ute wa njano wenye nywele utapungua. Akishapona, mzungumzie na daktari chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya homa ya paka inayoleta kuharisha na vifo vya haraka kwa wadogo, na kumfunga uzazi.

Zipo dalili ambazo ukiziona usisubiri kipimo wala paja la kuku, mpeleke siku hiyo hiyo. Anatapika kila anachokula au kunywa. Hajala kwa siku nzima. Choo kimekuwa cheusi, au damu ni nyingi kuliko doa. Ufizi umepauka, umekuwa wa njano, au ukiugusa kwa kidole unanata badala ya kuteleza. Ngozi ya mabegani ukiivuta juu inachelewa kurudi. Anajificha na hataki kuguswa tumbo. Na kama nimekosea kuhusu chakula na minyoo, nafuu isipoonekana ndani ya wiki mbili na vipimo ni safi, atahitaji kupimwa damu, kwa sababu kuna uvimbe wa muda mrefu wa utumbo ambao chakula peke yake hakiutibu. Daktari wako akikwama, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro hupokea wagonjwa wa namna hii.

Nimalizie na mama mkwe. Wasiwasi wake una mzizi wa kweli, ila hauko kwenye manyoya. Kuna kimelea kinaitwa toksoplazima, ambacho mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto. Paka hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache, kwa kawaida mara ya kwanza tu anapoambukizwa maishani, na mayai yake yanahitaji siku moja hadi tano nje ndipo yaweze kuambukiza. Kwa hiyo beseni la mchanga lisafishwe kila siku, na asisafishe mwanamke mwenye mimba. Kazi hiyo ni ya mume wako hadi utakapojifungua, na nafikiri atafurahi kuwa na la kufanya katika mzozo huu. Usimpe Kipusa nyama mbichi, na wewe usile nyama isiyoiva vizuri, osha mboga na matunda, na vaa glavu ukichimba udongo, maana watu wengi huambukizwa kwa njia hizo kuliko kwa paka wa ndani. Kliniki ya wajawazito mwambie mkunga kwamba unafuga paka.

Mweleze mama kwa upole, mume wako akiwepo, na umwonyeshe kwamba beseni linasafishwa. Kama ni mtu wa dini, bila shaka anaijua hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akasema Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaokuzungukeni. Paka aliyelelewa ndani miaka mitatu, mgonjwa, akiachwa sokoni hatapata samaki. Atafukuzwa na madume wa pale na kuharisha kutammaliza.

Kinyesi kiende asubuhi. Majibu yakitoka niandikie yalivyoandikwa na maabara, pamoja na uzito wake mliopima, nami nitakujibu kuhusu dawa ile watakayokupa na jinsi ya kusafisha nyumba ikiwa ni Giardia.